Bibi Harusi, Kabla ya Kudai Kabati Dai Waya wa Ardhi



Leo hakuna singo, hakuna vipimo vya gauni, hakuna rangi za msimu. Leo nataka kugombana. Nagombana na neno tunalolitupa mdomoni kila mwanamke anapopigwa na umeme ndani ya nyumba yake: "Ndo kadari, shoga yangu, tutafanyaje."

Naomba nieleweke mapema kabla simu yangu haijajaa ujumbe. Kuamini kadari ni nguzo ya imani na mimi naiamini, alhamdulillah. Ninachogombana nacho ni lile shuka la kadari tunalowafunika watu ambao wangetakiwa kuulizwa. Mwenye nyumba hakuweka waya wa ardhi, tukasema kadari. Fundi alikata pini ya tatu kwa sababu "inasumbua", tukasema kadari. Muuzaji alimuuzia bi harusi draya isiyo na lebo hata moja, nayo pia kadari. Na tukichoka na kadari tunasema husuda, kwamba moto uliotokea chumba cha bi harusi siku mbili kabla ya nikah ni jicho la fulani. Mimi sikatai kuwa jicho lipo. Lakini nikiingia chumba hicho nikaona ekstensheni moja chini ya zulia imebebeshwa vitu saba, jicho la mtu nitalitafuta baadaye.

Mimi si fundi umeme. Ni fundi cherehani, nilimaliza skuli nikasoma ushoni, na sasa nashona na kukodisha magauni ya harusi. Kazi hiyo inaniingiza vyumba vya mabibi harusi wengi, siku ile ile ambayo vyumba hivyo vina umeme mwingi kuliko siku nyengine yoyote ya mwaka. Ninachokiona humo ndicho ninachokiandika, na vile vya kitaalamu nimekaa na fundi mwenye leseni nikamuuliza mpaka akanichoka.

Hebu tukitazame chumba chenyewe. Soketi ni moja, au mbili na moja haifanyi kazi. Mpambaji kaja na draya ya wati 2,000 na pasi ya nywele. Shangazi anapiga pasi gauni, na pasi ya mvuke nayo ni wati 2,000 au zaidi. Pembeni pana birika la umeme la chai ya wageni, jengine wati 2,000. Feni inazunguka, chetezo cha umeme kinafukiza udi, na simu kumi zinachajiwa kwa ajili ya kupiga picha. Vyote hivyo vimetundikwa kwenye ekstensheni moja.

Sasa fanya hesabu, haihitaji skuli kubwa. Umeme wa nyumba zetu ni volti 230. Wati ukizigawa kwa volti unapata ampea, yaani wingi wa umeme unaopita ndani ya waya. Draya peke yake ni karibu ampea 9. Draya, pasi na birika kwa pamoja ni wati 6,000, karibu ampea 26. Ekstensheni nzuri kabisa, yenye waya mnene na plagi ya pini tatu bapa, imetengenezwa kubeba ampea 13. Hiyo ni ile nzuri. Ile ya bei rahisi inayouzwa njiani, yenye waya mwembamba kama wa spika, haifiki hata hapo. Kwa hivyo waya umebeshwa mzigo mara mbili ya uwezo wake, na waya ukizidiwa unapata joto. Ukiwa umeviringishwa kama kamba ya kisimani joto halina pa kutokea, na ukiwa chini ya zulia ndio kabisa. Halafu tunashangaa kunanuka plastiki.

Ekstensheni nzuri ina fyuzi kwenye plagi na itakatika. Na mimi nimeona kwa macho yangu fyuzi iliyokatika ikitolewa na kuzungushiwa karatasi ya sigara inayong'aa ili "kazi iendelee, bi harusi anachelewa." Mtu aliyefanya hivyo aliambiwa ahsante.

Nije kwenye jambo linalonichoma zaidi, plagi ya pini mbili na kalamu. Sote tunaijua. Draya imetoka China au Dubai, ina pini mbili za mviringo. Soketi zetu ni zile za Kiingereza za matundu matatu. Tundu la juu ni la waya wa ardhi, na pini yake ni ndefu makusudi: inaingia mwanzo na kufungua vile vifuniko vidogo vya matundu mawili ya chini, ambavyo viliwekwa ili mtoto asichokonoe akafa. Sisi tunachukua kalamu, kijiti, mpini wa kijiko, Mungu atusamehe wengine mkasi, tunachokonoa tundu la juu, vifuniko vinafunguka, tunasukuma pini mbili kwa nguvu. Tumemfundisha mtoto wa miaka minne anayetutazama namna ya kuuvunja mlango uliowekwa kumlinda yeye.

Na tabu haiishii hapo. Pini ya mviringo ndani ya tundu la pembe nne inagusa kidogo tu. Panapogusa kidogo umeme unaruka cheche, soketi inapata joto, inageuka rangi ya kahawia, na siku moja inayeyuka. Ukiongeza na hewa yetu ya chumvi inayokula shaba mpaka inaota kijani, soketi iliyolegea kisiwani haidumu. Pia plagi ya pini mbili haina fyuzi ndani yake, kwa hivyo ule ulinzi mdogo wa ampea 13 umeuruka. Adapta nzuri ipo madukani na haina bei ya kumshinda mtu aliyenunua draya. Kilichokosekana ni mtu wa kuona aibu.

Wapo na wale wenye ndugu Marekani na Kanada. Dada anatuma draya nzuri, imeandikwa 125V, wati 1,875. Bi harusi anaiwekea adapta na kuichomeka. Adapta inabadilisha umbo la pini tu, volti haizigusi. Draya ya volti 125 ukiipa volti 230 inavuta zaidi ya mara tatu ya wati zake, yaani unashika mkononi kitu cha wati zaidi ya 6,000, karibu na kichwa chako, kwa sekunde chache kabla hakijaungua. Inaudhi kwa sababu draya za kule zina ulinzi mzuri kuliko zetu: tangu 1991 Marekani inataka draya ya mkononi iwe na kifaa cha kukata umeme ikianguka majini, iwe imewashwa au imezimwa, ndiyo maana plagi zao ni kubwa kama kisanduku. Lakini ulinzi huo umetengenezwa kwa umeme wao. Soma lebo. Ikiandikwa 220-240V ni ya kwetu. Ikiandikwa 110 au 120 au 125 peke yake, mshukuru dada na umwambie atume manukato. Wanaorudi Umra na vitu vya zamani nao wasome lebo, maana Saudia kwa miaka mingi zilikuwapo nyumba za volti 127. Vya Oman, Imarati na Uingereza kwa kawaida havina tatizo hilo.

Sasa nizungumze na maharusi wenyewe, na waliomo kwenye fungate, kuhusu jambo ambalo masomo na makungwi hawalisemi. Wanakufundisha kuoga janaba, wanakufundisha kunukia, lakini hakuna anayekuambia nywele utazikaushia wapi saa kumi na moja alfajiri huku adhana inakaribia, nyumba ya watu, na unaona haya kutoka na nywele zinazochuruzika mbele ya mawifi. Jibu la wengi ni kukaushia mle mle chooni na mlango umefungwa. Sakafu imelowa, miguu mitupu, mikono imelowa, draya inaning'inia juu ya ndoo kwa waya uliopitishwa chini ya mlango. Yaani mtu anatoka kwenye tohara na kuingia kwenye hatari hiyo.

Maji ya bombani na ya kisima yana chumvi ndani yake na yanapitisha umeme vizuri sana. Ngozi kavu inauzuia umeme kiasi, ngozi iliyolowa haizuii. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: draya iliyozimwa kwa swichi yake lakini plagi iko ukutani bado ina umeme ndani. Ikitumbukia ndooni hairuhusiwi kuguswa, wala ndoo haiguswi, mpaka plagi itolewe au mein swichi izimwe. Uingereza, waliotuletea soketi hizi, hawakubali soketi ya kawaida karibu na bafu au shawa. Inatakiwa iwe mbali angalau mita 2.5. Vyoo vyetu vingi vyote havifiki urefu huo, kwa hivyo maana yake ni nyepesi: umeme wa kuchomeka usiingie chooni kabisa.

Na dini haijakubana hivyo, mpenzi wangu. Umm Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, alimuuliza Mtume, rehma na amani zimshukie, kama afungue misuko yake kwa ajili ya josho la janaba, na hakulazimishwa kuifungua. Kinachotakiwa ni maji yafike. Wanazuoni wetu wa Kishafii wanaongeza kuwa ukiwa msuko umebana hata maji hayapenyi ndani, hapo unafunguliwa. Muulize ustadhati wako kuhusu msuko wako. Lakini hakuna pahala palipoandikwa kuwa nywele ziwe kavu ndipo Swala isihi. Funga taulo, vaa baibui, swali, kisha kaushia chumbani, mikono mikavu, miguu kwenye kandambili, umekaa. Na mume akisikia mngurumo wa draya baada ya Alfajiri na mama mkwe naye akausikia, basi, mmeoana kwa halali.

Hapa ndipo wanaume wanaposema, "Nyinyi wanawake ndio mnaoshika umeme na mikono ya maji." Kauli hii nimeisikia mpaka msibani. Nataka niijibu taratibu.

Ndiyo, tunashika na mikono ya maji. Nani mwengine katika nyumba mikono yake ina maji kutwa nzima? Anayetia udhu mara tano, anayekosha vyombo, anayefua, anayeosha mtoto, anayepika, na katikati ya hayo anatakiwa awashe blenda, afungue friji, achomeke pasi ya kanzu ya mtu. Nyumba inayoua mtu kwa sababu mikono yake ina maji ni nyumba mbovu kwa mwanamke, kwa sababu mikono ya maji ndiyo kazi yenyewe. Na ulinzi wa jambo hili umeshavumbuliwa zamani, upo madukani mjini. Ni vitu viwili.

Cha kwanza ni waya wa ardhi. Friji, pasi, birika, mashine ya kufulia na jiko la umeme vyote vina mwili wa chuma, na ndani ya plagi yao kuna waya wa tatu wa kijani na njano. Waya ule ukifika kweli ardhini, kwenye nondo ya shaba iliyopigwa nje ya nyumba, umeme ukivuja kwenye mwili wa friji utakimbilia ardhini badala ya kupita kwako. Ukiona friji "linatekenya" ukiligusa, ndugu yangu, friji hilo linakwambia nyumba haina waya wa ardhi au umekatika. Jibu letu limekuwa ni kuvaa kandambili jikoni na kuwaonya wageni: "Usiliguse ukiwa pekupeku." Tunaishi na simba na tunawafundisha wageni wapite wapi! Draya nyingi hazina waya huo na si kosa. Zimefunikwa kwa plastiki mara mbili, na utaona alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Lakini pasi yenye plagi ya pini mbili bila alama ile, iogope.

Cha pili ni swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja. Inakaa kwenye boksi la mein swichi na ina kitufe kidogo kilichoandikwa T au Test. Watu wengi wanadhani fyuzi na breka za kawaida zinamlinda mtu. Hazimlindi. Zimewekwa kulinda waya usiungue. Breka ya ampea 32 inangoja umeme uzidi ampea 32. Binadamu anaweza kufa kwa sehemu ya kumi ya ampea moja, na breka ile haitashtuka wala haitajua kuwa mtu amepita. Hii ninayoisema inapima umeme unaotoka na unaorudi, na ukikosekana kiasi cha sehemu ya ampea thelathini kwa elfu inakata katika muda mfupi kuliko kusema Bismillah. Simama sasa hivi, nenda kwenye boksi lako, tafuta kitufe hicho. Kikiwepo, kibonyeze: umeme wote unaopita hapo unatakiwa ukatike. Usipokatika, swichi imekufa. Kisipokuwepo, ndiyo habari yako hiyo.

Ninasema na maharusi sasa. Posa imekubaliwa, mahari yametajwa, wazee wanazungumza. Tunadai kitanda cha futi sita kwa sita, kabati la milango mitano, zulia, begi lililojaa, ukumbi wenye taa za kumetameta. Sijamsikia mzee hata mmoja akiuliza, "Nyumba anayopelekwa mtoto wetu ina waya wa ardhi?" Kazi ya fundi na swichi ile, kwa bei ninazozijua mimi, haifiki bei ya keki ya ukumbini. Keki inakatwa, inapigwa picha, nusu inarudi nyumbani na kuliwa na sisimizi.

Na ni haki yako, si madeko. Suratut-Talaq imewataka waume wawape makaazi hata wanawake waliowaacha wakiwa bado edani, kwa kadri ya uwezo wao, na ikawakataza kuwadhuru. Kama aliyeachwa ana haki ya kukaa pahala asipodhurika, aliyeolewa juzi hana? Na kwa mwenye nyumba anayepangisha, kodi ya miezi sita anaipokea mkononi kabla hujaweka godoro. Hadithi ya 32 katika Arubaini Nawawi tuliihifadhi madrasa tungali watoto, inayokataza kudhuru na kudhuriana. Tuliihifadhi kwa ajili ya mtihani tu? Mwenye nyumba aliyejua kuwa ukuta wa jikoni una umeme na akapangisha, mimi simwiti mtu aliyepatwa na kadari. Namwita mtu aliyekula kodi ya haramu, na kama kuna shekhe ananisoma na anaona nimezidisha, anisahihishe kwa dalili.

Watanijibu: ajali haina kinga. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kuelekea Sham akaambiwa kuna tauni, akageuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Jawabu lake mnalijua kwa maana yake: kwamba anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Mtu aliyebashiriwa Pepo akiwa hai hakuona kujikinga ni upungufu wa imani. Mimi na wewe tumekuwa wacha Mungu kuliko yeye tukiwa mbele ya soketi iliyoyeyuka?

Kuna jengine la kwetu hasa, kukatika kwa umeme. Waliokuwepo wanakumbuka Mei 2008, Unguja tulipokaa karibu mwezi mzima bila umeme kwa hitilafu ya njia ya chini ya bahari inayotoka bara, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Waya mpya ulipozinduliwa 2013 mambo yakawa mepesi, lakini kukatika hapa na pale kupo. Hatari yake ni hii. Unapiga pasi, umeme unakatika. Unaiacha pasi pale pale juu ya nguo, unatoka kwenda kwa jirani, unasahau. Umeme unarudi saa mbili usiku na nyumba haina mtu, au watoto wamelala. Vile vile hita ya koili ya kuchemshia maji kwenye ndoo ya plastiki: imerudi umeme, maji yamekauka, plastiki inawaka. Ile hita mimi ningeipiga marufuku kisiwani kizima ningekuwa na mamlaka. Ni chuma kitupu chenye umeme, ndani ya maji, ndani ya ndoo, sakafuni, kwenye nyumba yenye watoto. Umeme ukikatika, mkono wako wa kwanza uende kwenye plagi ya kitu chochote cha moto, ukitoe, ndipo utafute tochi.

Na usiku kabla ya kulala Mtume, rehma na amani zimshukie, aliwaamrisha watu wazime moto na taa zao, na akataja sababu ya kawaida kabisa ya nyumbani: panya anaweza kuuburuta utambi akawachomea watu nyumba. Tafakari upole wa mafunzo hayo, kiongozi wa umma anazungumza habari ya panya na utambi. Utambi wetu leo ni chetezo cha umeme kilichosahauliwa chumbani kwa maharusi, chaji iliyoachwa juu ya mto, na ekstensheni iliyojaa nyuma ya pazia. Panya tunao vile vile, na waya wanautafuna.

Hapa sasa naingia kwenye fani yangu. Gauni la harusi na shela kwa sehemu kubwa ni poliesta na nailoni: satini, tuli, ogenza. Pamba ikishika moto inawaka na kuwa jivu. Poliesta inayeyuka, inadondoka, na inaganda kwenye ngozi. Ukiivuta inatoka na ngozi. Ndiyo maana nasisitiza hadi naonekana mkali: draya na pasi ya nywele vimalize kazi kabla gauni halijavaliwa. Draya inavuta hewa kwa nyuma. Shela au mtandio ukikaa nyuma yake unanyonywa, hewa inaziba, waya wa ndani unageuka mwekundu. Nywele ndefu nazo zinanyonywa hivyo hivyo. Ile nyavu ya nyuma ikijaa vumbi na manyoya isafishwe kwa brashi kavu, plagi ikiwa imetolewa. Ukiona cheche ndani au unanusa kuungua, draya hiyo imeshamaliza umri wake, usimpe mdogo wako.

Pasi ya nywele inafika nyuzi 200 na zaidi na haina sauti, kwa hivyo inasahaulika juu ya kitanda kuliko kitu chochote. Spreyi ya nywele ina gesi na spiriti vinavyowaka. Isipulizwe wakati chetezo cha makaa kiko miguuni, na hili nimeliona mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Ama hina ya mikono kukaushwa kwa draya, afadhali ishikwe na mtu mwengine mwenye mikono mikavu, na iwe kwenye hewa ya vuguvugu. Piko na ngozi kuungua ni ugomvi mwengine, nitauandika siku yake insha Allah.

Akipigwa mtu na umeme, usimshike. Najua ni mwanao, ni mama yako, moyo utakurusha kwake. Kimbilia mein swichi kwanza. Usipoiona, msukumie mbali na umeme kwa kitu kikavu cha mti au plastiki, mpini wa ufagio au kiti, ukiwa umesimama juu ya pahala pakavu. Umeme ukishakatika ndipo umshike, uangalie pumzi, na umpeleke hospitali hata akisema yuko mzima, kwa sababu moyo unaweza kuharibika mapigo baadaye. Na kitu cha umeme kinachowaka hakimwagiwi maji kabla umeme haujazimwa. Kila mwanamke ndani ya nyumba, na kila mtoto aliyefika umri wa kuswali, ajue mein swichi iko wapi na inashushwa vipi. Nyumba ngapi mume peke yake ndiye anayejua, naye yuko kazini Dubai?

Kwa upande wangu, wateja wangu wa mwaka huu wameshaanza kunizoea. Ukija kukodi gauni nitakupima kifua, kiuno na urefu, halafu nitakuuliza chumba utakachovalia kina soketi ngapi na mpambaji anakuja na vitu gani. Gauni linatoka kwangu limeshapigwa pasi na kutundikwa, na ekstensheni naja nayo mwenyewe, ya waya mnene, inakunjuliwa yote, na inabeba kitu kimoja cha moto kwa wakati mmoja. Wapambaji wawili wameshanikasirikia. Mmoja alininunia ukumbini siku nzima, kisha wiki iliyofuata akanipigia kuniuliza ekstensheni ile niliinunua duka gani.